Ukuta Ulioogeshwa Magadi

Msimu wa kupimwa vivuli uliwahi kufika mwaka ule, ukamkuta Mwanamvua na jani lenye vidole viwili.

Jani lilikuwa la mfuu. Anayeujua mfuu anajua kwamba jani lake hukaa kama kiganja kilichokunjuliwa, vidole vitano juu ya kikonyo kimoja, na likikauka huwa jepesi kuliko ganda la kitunguu. Mama yake, Bi Kazija, alilichuma uani kwao asubuhi walipoondoka, akalitia baina ya kanga mbili, akalibeba kifuani njia nzima. Lilifika zima. Mji ndio uliolila. Kila msimu lililazwa juu ya karatasi, likabanwa kwa kioo, likaachwa juani. Na kila kioo kilipoinuliwa, jani liliacha kitu chake huko juu: ncha ya kidole, kisha ukingo, kisha kidole chenyewe.

Sheria ya mji ule ilikuwa fupi. Aliyezaliwa hapo hakuulizwa neno. Aliyekuja alitakiwa kila msimu aonyeshe kivuli cha mmea wa kwao, kivuli kilichochapwa na jua, bila kalamu na bila mkono wa mtu. Cha msimu uliopita hakikufaa, kwa sababu hakikuwapo tena: wapimaji walivitazama vivuli nje, mchana kweupe, na kivuli cha manjano, ile bizari ya jikoni, kikitazamwa mchana huanza kufa. Kila aliyethibitisha kwao alikuwa amepunguza kwao. Na aliyeshindwa kuthibitisha aliletewa magadi. Kopo moja, mlangoni, bila hodi. Maana yake ilijulikana na wote: osha kuta za nyumba uliyokaa, usiache alama, kisha nenda mbele. Huko mbele kulikuwa na mji mwingine wenye sheria hiyo hiyo, na mbele yake mwingine.

Bi Kazija hakuwa na miguu ya kwenda mbele. Miguu yake ilivimba, na uvimbe ukakaa humo kama mgeni aliyekwisha kutandika mkeka. Asubuhi alitoka kitandani kwa kushikwa mkono, akaketi juu ya kigoda akiegemea ukuta ulioelekea dirisha, akabaki hapo mpaka jua lihame. Mwanamvua alijua, bila mtu kumwambia, kwamba mama yake asingefika hata kwenye kisima cha kwanza. Jambo hilo lilikuwa ndani ya kila alichokifanya. Akipepeta mchele, lilikuwamo kwenye ungo. Akifunga mlango, lilikuwa upande wa ndani.

Ufundi wa kuchapa kwa jua hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa madoa. Kila mpishi analijua doa la manjano: ukilifua kwa sabuni linageuka jekundu kana kwamba umelitukana, ukilianika juani linajiondokea lenyewe, kimya, bila kukuaga. Mwanamvua alilitazama doa hilo kwenye kanga ya mama yake kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyotazama madoa, kisha akaanza kujaribu. Alitwanga manjano, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja kwa kitambaa, akapaka karatasi kivulini. Karatasi ikikauka, analaza jani, anabana kioo, anatoa juani. Jua linakula manjano yote ila yale yaliyo chini ya jani. Halafu anaipitisha karatasi kwenye maji ya magadi, na yaliyobaki yanageuka rangi ya tofali.

Masalio hakuyamwaga. Alikuwa mtu asiyemwaga kitu. Kilichobaki ndani ya bakuli alikipaka kwenye ule ukuta wa kigoda, ambao chokaa yake ilikuwa imebanduka na kuitia nyumba aibu. Alipaka, jua la dirishani likala, akapaka tena, msimu baada ya msimu. Nyuma ya Bi Kazija ukuta ulibaki na uchafu hafifu, kama wa mafuta ya nywele. Mwanamvua aliuona, akasema siku moja atausugua.

Alipokuwa akingoja jua lifanye kazi yake, alifikiri, na alifikiri polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Kilichobaki kwenye karatasi, alijiambia, hakikutoka kwenye jani. Jani halijaacha kitu. Yaliyobaki ni manjano yaliyokuwapo tangu mwanzo, ambayo jani liliyakinga. Basi picha ya jani ni picha ya kile jani lilichokikinga. Na sisi tunaposema kwetu, je, tunasema ule mti? Au tunasema vile vitu vilivyokuwa chini ya mti, ambavyo jua halikuvifikia kwa sababu mti ulikuwapo? Mtungi. Mkeka. Mtoto aliyelala mchana, mdomo wazi. Mti ukiondoka, vitu hivyo vinaanza kufifia siku ileile, au vinangoja mpaka mtu avitazame?

Aliifunika karatasi akaingia ndani, akatoka akaifunua, akaifunika tena.

Jua lenyewe halikuaminika. Katika mji ule lilikuwa na tabia ya kufika utosini, likasita, likarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau funguo. Asubuhi iliweza kuja mara mbili, na wenyeji wakanywa chai mara mbili bila kusema kitu. Wachapaji tu ndio waliolalamika, na wao walilalamika kwa sauti ya chini.

"Hodi humo! Wenye jani, mpo?"

Alikuwa Somoe, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuja mjini nyuma yao lakini akicheka kama aliyezaliwa hapo.

"Karibu, Somoe," Mwanamvua akaitika.

"Nikaribie wapi, nanyi mmejifungia kama kuku anayeatamia? Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Kivuli chako kimepita?"

"Kimepita kinacheza! Mie kwetu mhogo, bibi. Nachomeka kijiti nyuma ya choo, kwetu kunaota. Nyinyi mliotoka kwenye miti ya heshima ndio mtakaotaabika."

"Na sisi mihogo tulikuwa nayo," akasema Bi Kazija. "Ila wageni tulikuwa hatuwaonyeshi."

"Haya, umenipata!" Somoe akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaliona jani juu ya meza, kicheko kikamwishia mdomoni. "Ndilo hilo? Shoga yangu, vidole vingine viko wapi?"

"Vimebaki kwenye vioo."

"Kata vya karatasi ngumu ubandike. Hao wapimaji mfuu wameuona wapi?"

"Nilikata. Vinatoka vimenyooka mno. Vinaonekana kama uma."

"Basi weka mkono wako! Si vidole vitano? Jani lako na kiganja vina tofauti gani?"

Alisema kwa mzaha, akaenda zake kumwagilia mihogo. Lakini mzaha wake ulibaki mezani, karibu na jani.

Kesho yake, au siku ileile katika asubuhi yake ya pili, Mwanamvua alikaa uani, akalaza mkono wa kushoto juu ya karatasi, akaubana kwa kioo. Sheria ilikataza mkono unaochora. Mkono uliolala haikuutaja. Aliwaza hivyo, na hakujipenda kwa kuwaza hivyo. Jua lilimkaa kisogoni. Nzi alitembea juu ya kioo, akasimama, akasugua miguu.

Usitikisike. Ukitikisika, mama anakwenda mbele. Usifikirie mbele. Fikiria mfuu. Gome lake lina mistari. Ni mistari, au zilikuwa njia za mchwa? Tunda lake jeusi. Jeusi kama nini? Kama tunda la mfuu. Nimesahau. Sijasahau. Mfuu ulikuwa uani kwetu au kwa jirani, na tawi ndilo lililovuka? Mama alisema kwetu. Tawi likivuka, kivuli ni cha nani? Usitikisike.

Alipoipitisha karatasi kwenye magadi, uliibuka mkono wenye vidole visivyohesabika, kila kidole kimesimama nyuma ya mwenzake kama watu waliopanga foleni. Jua lilikuwa limeuchapa mtetemeko wake, likauacha mkono.

Basi akalirudia jani. Alilaza vidole viwili vilivyobaki, akashusha kioo taratibu kuliko alivyowahi kushusha kitu chochote, hata mtoto. Chini ya kioo kilisikika kishindo kidogo sana, kama mtu aliyekanyaga kitu kikavu mbali. Hakuinua. Alikaa mbele yake, mikono mapajani, akaliacha jua lipande, lisite, lirudi, lipande tena. Kioo kilipoinuka hapakuwa na jani. Palikuwa na unga. Na karatasi ilipogeuka rangi ilitoa vitone vyekundu, vingi, bila mpango, kama vipele vya mtoto mwenye surua.

Wapimaji walikuja wawili. Mkubwa wao aliitwa Machano, mtu mpole mwenye koti lililomzidi mabega. Mwenzake hakuwa na jina wala hakulihitaji, maana wakisimama pamoja kwa muda sura zao zilibadilishana, na mara nyingine sura ya tatu ilipita kati yao, ambayo Mwanamvua aliitambua kuwa ya marehemu baba yake, isipokuwa baba yake hakuwahi kuvaa koti.

Machano aliiinua karatasi juani.

"Hii nini, dada?"

"Mfuu."

"Naona vumbi."

"Mwaka huu ni vumbi, bwana. Mwaka jana ulikuwa na vidole."

"Mwaka jana nilikuja mimi?"

"Ulikuja wewe."

"Sikumbuki." Alisema kwa masikitiko ya kweli. Alipokuwa akisema, vitone vilikuwa vinapauka mkononi mwake. "Kazi hii inafuta, dada. Vivuli vyote navitazama mimi, na hakuna ninachobaki nacho."

Asubuhi iliyofuata kopo la magadi lilikuwa mlangoni. Somoe aliliona kabla yao. Alisimama barazani kwake na ndoo ya maji, na siku hiyo mihogo hakuimwagilia.

Mwanamvua aliosha kama alivyofanya kila kitu, kwa mpango. Alianza na ukuta wa mlango wa mbele, uliofungukia njia waliyojia. Akaja ukuta wa dirisha. Akaja ukuta wa mlango wa nyuma, uliofungukia uani, kwenye meza ya vioo vyake. Alichovya tambara akasugua; masizi yakatoka, duara za vyungu zikatoka, mstari aliouweka wa kujua jua linafika wapi ukatoka. Hakulia. Alisugua kwa uangalifu, na kila alama iliyoondoka alihisi kitu kikiondoka kwake pia, kitu ambacho mpaka wakati huo hakujua kama anacho. Ukabaki ukuta wa kigoda.

"Mama, nikuhamishe kidogo."

"Unihamishe tena?"

"Mpaka kitandani tu."

"Haya. Wote husema hivyo. Mpaka hapo tu."

Akambeba, akamlaza, akamfunika miguu. Akarudi, akakisogeza kigoda, akachovya tambara, akalipitisha ukutani.

Mwanzo alifikiri amejikata. Wekundu ulitoka chini ya tambara na kuufuata mkono wake. Akapitisha tena ili kuufuta, ukakolea. Akasugua, ukaenea. Ulikuja mgongo, likaja bega, likaja fundo la kanga kichwani, ikaja miguu ya kigoda. Pembeni kote ukuta ulibaki mweupe, umeliwa na jua la misimu yote waliyoishi pale. Katikati alikuwa ameketi Bi Kazija, mwekundu kama tofali, mkubwa kuliko yule aliyelala kitandani, kama alivyokuwa kabla miguu haijamtosa.

Kichwa kilikuwa kimegeukia upande. Pua ilionekana, na kidevu. Siku zote Bi Kazija alisema pale alipokaa anaangalia njia, na Mwanamvua aliamini. Kila alipokatiza mbele ya mlango wa mbele alipita ameinama kidogo, kama apitaye mbele ya mtu anayesali. Lakini pua ya ukutani haikuuelekea mlango wa mbele. Iliuelekea mlango wa nyuma. Iliielekea meza ya vioo, na mtu aliyeinama juu yake.

Mwanamvua akakaa chini. Tambara likamdondoshea maji magotini.

Hivyo ndivyo wapimaji walivyomkuta, walipokuja kuhakikisha kuta ni safi.

"Osha," akasema Machano.

"Nimeosha."

"Osha tena nikuone."

Akaosha. Kidevu kikakolea.

Machano alimgeukia mwenzake. "Magadi gani umewaletea hawa?"

"Yaleyale ya wote."

"Na huyu ukutani ni nani?"

"Ni mimi," Bi Kazija akajibu kutoka kitandani. "Mmeninyang'anya kigoda, sasa hata kunitambua mnashindwa?"

"Bibi, sheria inataka mmea."

"Nimekaa hapo nikigeuzwa juani na kumwagiwa maji. Mmea unafanya nini kingine, mwanangu?"

Yule mpimaji wa pili alicheka, akakohoa ili ionekane hakucheka. Machano aliukaribia ukuta, akautazama kwa karibu sana, akitafuta mahali ambapo brashi imefuata ukingo. Hakupaona.

"Nani kamchora?"

"Hakuchorwa, bwana," akasema Mwanamvua. "Aliketi."

"Kwa kivuli siwezi kuwapitisha. Huu si mmea wa kwenu." Uso wa Machano ukawa wa mtu anayetafuta mlango gizani. "Lakini hakuna anayekwenda mbele akaacha alama. Hiyo nayo ni sheria."

"Basi tufanyeje?"

"Osheni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itoke." Kisha akamtazama. "Wewe ndiye mwenye ufundi. Itatoka?"

Mwanamvua angeweza kusema sijui. Neno lilikuwa tayari, jepesi, halina uzito wa kumchosha mtu. Lakini alikuwa ameishi na madoa muda mrefu mno kuweza kuyasingizia.

"Kwa magadi haitoki," akasema. "Magadi yanaikoleza tu."

"Inatolewa na nini?"

Akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anamtazama, kichwa kimegeuka vilevile.

"Na jua," akasema. "Akikosekana mtu wa kukaa mbele yake."

Machano alikirudisha kigoda mahali pake, akakikalia, akaegemea, kama mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa amechoka bila kujua. Jua la dirishani likampiga usoni, akafumba macho. Wekundu ulimzunguka pande zote. Ulimzidi mabega kama koti lake. Sura ya mwenzake ilimpita usoni, ikampita ya baba yake Mwanamvua, ikampita ya mtoto asiyejulikana, kisha akabaki na yake.

"Pana joto hapa," akasema.

"Ndiyo."

"Mtu akikaa anauona ua."

"Ndiyo, bwana."

"Nyumba ninazozipima sijawahi kukaa." Alibaki kidogo. Halafu akasimama, akajifuta mikono ingawa haikuwa na kitu. "Sheria haikusema mgonjwa akae wapi. Nitarudi msimu ujao nione kama imetoka. Magadi yakiisha, semeni, mtaletewa mengine."

Walipoondoka, Mwanamvua alimrudisha mama yake kigodani. Mgongo ukaingia mgongoni. Bi Kazija alikuwa amepungua, na ukingo mwembamba mwekundu ulibaki ukionekana pembeni mwake, kama mtu mwingine anayemshika kwa nyuma.

"Mama, ulikuwa ukisema unaangalia njia."

"Nilisema."

"Mbona sivyo?"

"Ungefanya kazi vipi na wewe unajua unatazamwa? Na njia ina nini? Imeshatuleta."

Mwanamvua hakupata ahueni aliyoitarajia. Msimu mmoja ulikuwa umetolewa. Alikwisha kuanza kuuona mwisho wake. Siku moja kigoda kitakuwa kitupu. Jua litaingia dirishani kama kawaida, litaukuta ukuta peke yake, na kuanzia hapo Bi Kazija atakuwa anaondoka tena, polepole, safari hii bila kushikwa mkono. Nani atakaa hapo mbele? Na akikaa mwingine, atakayebaki ukutani ni nani?

Alichukua bakuli. Chini yake yalikuwamo manjano kidogo. Alipaka ukuta ulio karibu na kigoda, kuanzia sakafuni mpaka kimo cha mtu aliyeketi chini, akangoja pakauke. Kisha akaketi hapo sakafuni, mgongo ukutani, bega likiligusa goti la mama yake, uso ameugeuzia kwake.

"Usitikisike," akasema Bi Kazija.

"Sitikisiki."

"Unatetemeka, mwanangu."

"Najua."

Mkono wa mama ukashuka, ukatulia juu ya utosi wake. Jua likaingia dirishani, likatambaa sakafuni, likafika kwenye vidole vyao vya miguu, likasita. Mwanamvua akabana pumzi. Mara hii halikurudi nyuma.